A, B, Z

Lebo ya Aberdeen huandikwa ABZ.
Miaka minane nazifunga, nazisoma, nazibeba,
na bado sijazizoea: A, halafu B,
halafu mtu kachoka, karukia Z
kama mtoto anayetaka kwenda kucheza.

Kompyuta inasema kutoka hapa Norwich
ni kilomita mia tano na hamsini hivi
kwa mstari ulionyooka, ambao hakuna aupitaye
ila ndege, na ndege nayo hupinda kidogo.
Saa moja na dakika ishirini angani.
Kwa treni, ukibadilisha Peterborough, ukibadilisha Edinburgh,
siku nzima hiyo, na mkate umekukaukia mkobani.
Kwa gari sijui. Gari langu hata Ipswich halifiki.

Kazi yangu ni mlango wa nyuma,
na upepo wa Februari unaokukata masikio ukayauza.
Mimi narusha, Colin anapokea.
Mikoba ya watu wa visima vya mafuta
naijua kwa uzito tu: huyu anakwenda wiki mbili,
huyu tatu, huyu kabeba buti za mwenzake.
Ndege yenyewe sijaipanda. Wakiniuliza nawaambia
mpishi wa harusi haketi meza kuu.

Jumapili ya pili ya Septemba,
saa tano kasoro dakika ishirini
(saa zangu; ubaoni wao wameandika kumi na arobaini),
sanduku la bluu likaja juu ya toroli.
Kabla ya kusoma jina nilishalijua.
Gurudumu moja lilikatika tangu Tanga.
Kamba ya katani niliikaza mwenyewe jana usiku
mama yake akilikandamiza kwa goti.
Unga. Blanketi. Vitabu vya uhandisi.
Dagaa waliofungwa ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko,
mfuko ndani ya sweta,
na barua ya mama yake ambayo sikupaswa kuijua.

"Lina mawe hili?" Colin akauliza.
Nikamwambia, lina Salha.

Sikulirusha.
Nilipanda mwenyewe nikalilaza,
gurudumu bovu likitazama ukuta,
nikakaza wavu mara mbili.
Kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya ndege ya Aberdeen,
kama dakika mbili hivi.
Nyuma ya ukuta, pengine kiti cha mwisho,
mtu akakohoa.
Sijui kama ni yeye.
Nikamjibu kwa kukohoa.

Ikaruka. Ikapinda kushoto juu ya mashamba ya viazi sukari
nami nikaanza kuzirudia herufi zilizorukwa.
C, Chumbageni, alikozaliwa.
D, daftari la kwanza, ambalo alilila.
F, Februari tuliyoingia nchi hii,
akasimama dirishani saa kumi na moja jioni
akauliza nani kazima jua.
G... ikatua ya Amsterdam, imejaa,
Colin akanipigia mluzi,
na alfabeti yangu ikabaki hapo.

Saa sita na dakika tisa simu ikatetemeka mfukoni.
Nikavua glavu kwa meno.
"Baba nimefika. Hata chai sijaimaliza tumeshatua.
Gurudumu la pili nalo limekatika.
Nalikokota."