Wichai wa Mwandiga

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema WACHAI GWASA,
kwa wino wa karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.
Shuleni waliniuliza, "Ya rangi au ya maziwa?"
Trafiki mmoja pale Mwanga alisoma leseni yangu,
akatazama kushoto, akatazama kulia:
"Dogo, chai huwa haiandikwi."

Lakini jina ni Wichai.
Liliingia Kigoma juu ya gari la kuchimba visima,
masika yale mapipa ya mawese yalipolala njiani wiki nzima.
Mwenyewe alikuwa fundi, Mthai, mfupi,
mla dagaa kwa pilipili iliyowaliza vijana wetu.
Usiku mama aliposhikwa na uchungu
kivuko kilikuwa kimekwenda na maji,
na kila mwenye pikipiki alikuwa na udhuru wake.
Fundi akashusha mabomba, akatandika turubai,
akavuka korongo kwa gia ya kwanza
huku akimsemesha mama kwa lugha ambayo
hakuna aliyemwomba aitafsiri.
Nilizaliwa getini Maweni. Mlinzi ni shahidi.

Baba akamuuliza: unaitwa nani?
Akalitaja. Akaulizwa maana.
Akachora kwenye matope herufi zilizojikunja
kama ndoano zilizosahaulika ndani ya kopo,
akaona hatujaelewa,
akakunja ngumi, akainyanyua juu, akacheka.
Miaka ishirini na sita baba aliamini
amempa mwanawe jina la Ngumi.

Ukoo ulinuna. Mtoto wa Muha, jina la wapi hilo?
Bibi Nyabhenda, aliyekwisha kuzika wajukuu watatu
wenye majina mazuri ya kwetu,
alitema tumbaku, akasema:

    Jina si kanzu kuvua, wala shuka kuazima,
    halififii kwa jua, haliungui kwa homa,
    ukoo ukilijua, utaliita daima,
    mpeni mwana akue, jina lisije kuhama.

Wakanyamaza. Fundi alikuwa ameshahamia kisima kingine.

Sasa kula yangu ni majina.
Nakaa Kibirizi, meza ina miguu mitatu na jiwe,
naandika abiria wa boti za Kalemie na Uvira:
nani kapanda, na mzigo gani,
ili ziwa likikasirika tujue wa kuulizia.

Siku hiyo Vijay wa duka la spea
alikuja kusafirisha pampu. Akasikia naitwa.
"Wichai? Hilo ni langu," akasema,
"limepita njia nyingine tu."
Akanieleza, mkono juu ya pampu:
babu yake alikuja nalo kutoka Gujarati;
ndugu yake jina akaenda mashariki zamani sana,
ndani ya Kisanskriti cha watawa na wafalme,
hadi Uthai, na huko V ikalainika ikawa W.
"Maana yake kushinda. Hukuambiwa?"

Nikaikumbuka ngumi ya baba.

Nyuma yake kijana Mkongo, godoro kichwani,
jasho limemjaa machoni:
"Niandike basi, kaka, boti itaniacha.
Ushindi. Ushindi Lukuba."
Kalamu ikakataa kidogo.
Nikamtazama yeye, nikamtazama Vijay.
"Godoro moja," akaongeza,
akidhani nimekwama kwenye mzigo.

Nilipofika nyumbani sikumwambia mama habari za Gujarati.
Alikuwa kisimani, kile kile, mpini umefungwa kwa mpira.
Vijay hulitamka jina langu kwa namna yake,
ofisini wananiita kama wanaagiza kikombe.
Mama hajui kusoma, ila Kiha ni lugha ya kupanda na kushuka,
na usiku ule, kwenye turubai, kati ya uchungu na uchungu,
alimsikia mwenye jina akijitaja mwenyewe.
Wi anaipandisha juu.
Chai anaishusha taratibu, kama mtu anayetua ndoo.

"Wichai," akaita. "Njoo ushike huku."