Petroli ya Vyuo Vitatu

Vijitabu vimefika kumi na kimoja.
Maren amevitandaza mezani kama karata,
nami nasogeza sahani ya viazi
nipate pa kuweka kiwiko.

Kila jalada lina mti uleule,
wanafunzi watatu walewale wamekaa chini yake,
mmoja anakicheka kitabu kilichofungwa.
"Hiki hakina majira ya baridi," asema binti yangu,
akifunua ukurasa baada ya ukurasa.
"Hata chembe ya theluji. Wanaficha nini?"
Akakitupa sakafuni. Mbwa akakilalia.
Vikabaki kumi.

Likizo ya Machi ina siku tano.
Gari letu lina giaboksi inayokohoa ikiona mlima;
hapa Dakota ya Kaskazini haina cha kukoholea,
lakini huko tuendako?

Curt yuko zamu ya usiku, kiwanda cha sukari.
Kabla ya kutoka alibandika karatasi kwenye jokofu:
Petroli ya vyuo vitatu. Si vinne.
Chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi:
Labda vinne, tukibeba mikate yetu.

Natoa uzi mwekundu kwenye kopo la sindano,
nashikiza ncha juu ya mji wetu ramanini,
naukata urefu wa safari ya saa tano,
nauzungusha.
Ndani ya duara hili, akiugua,
nitamfikia supu ikiwa bado ina moshi.
Simwambii hivyo. Nasema, "Tubane matumizi."

Maren autwaa uzi uleule,
aushikiza palepale, auzungusha polepole,
na vyuo anavyovitia alama
vyote viko nje.

Kimoja nakijua.
Mwaka wa tisini na nne kiliniandikia barua: karibu.
Niliikunja mara nne, nikaingia jikoni la shule
kupika kwa muda tu, mpaka mavuno yapite.
Lango lake sijaliona hadi leo.
Nusura niseme. Nachukua sahani, nakwenda kuiosha,
na viazi bado vimo.

Saa nne usiku vimebaki vitatu.
"Na nusu," asema.
Nusu ni kile cha pwani, kule nchi inakoishia,
asichotaka kukifuta wala kukitaja.
Amekiandika kwa penseli, amekifunika kwa kiganja
kama afunikavyo karatasi ya mtihani
jirani asimwibie jibu.

Sikuuliza. Mama wa Curt angeuliza,
na dada yangu Solveig angekwisha piga simu chuoni.

Alfajiri ya kuondoka naenda kituoni peke yangu,
koti juu ya nguo za kulalia.
Kila wiki mkono wangu huachia pampu
kwenye dola ishirini, wala siangalii.
Leo naangalia.
Ishirini na moja. Ishirini na mbili.
Upepo unanichapa masikio,
tarakimu zinakimbia,
na mkono haujaachia.