Kijiwe Kwenye Ungo

Nina elfu thelathini na mbili
na masikio yanayouma kuanzia saa nne usiku.
Kazi yangu ni kusikia. Watu wa utafiti
hunitumia sauti za wakulima wa korosho,
nami huziandika neno kwa neno,
elfu tisa kwa kila saa ya maneno.

Pale Mkuti, nyuma ya wauza viatu,
hedifoni za Chipila zinaning'inia msumarini
kama popo mchana.
"Dada Somoe, hii ina besi, itakutikisa meno."
Meno yangu, namwambia, hayajanikosea kitu.

Ananivisha nyekundu, yenye taa pembeni.
Taa inawaka vizuri sana.
Ila inabana kama kiatu cha kuazima siku ya harusi,
inaisukuma miwani mpaka kwenye mfupa.
Nyeupe haina waya, haina uzito,
elfu hamsini na tano:
naivaa kwa adabu,
naivua kwa adabu.

Kisha natoa simu.
Wenzangu hupima kwa ngoma.
Mimi nina sekunde arobaini za mama
akipepeta mchele uani, Chiungutwa,
nilizozirekodi bila kukusudia, siku ninajaribu simu.
Chwaa, chwaa, chwaa.
Halafu, sekunde ya ishirini na sita,
ti.
Kijiwe kimegonga ukingo wa ungo.

Narudi kwa nyekundu: besi imekimeza,
mchele umegeuka lori linalopanda Mkomaindo.
Ya bluu inakaanga kila kitu,
chwaa imekuwa mafuta, na ti imeungua humo.
Ya kijani inasikika upande mmoja,
upande wa pili, nadhani, ni wa mapambo.

"Dada, kwani unatafuta nini?"
"Kijiwe."
Chipila anawatazama wauza viatu
kama mtu anayeomba mashahidi.

Chini ya meza, ndani ya boksi la biskuti,
ipo nyeusi iliyochoka,
ngozi ya mito imebanduka kama ganda la muhogo,
waya umefungwa plasta.
"Hiyo ya fundi redio mmoja, alihama na deni langu.
Siwezi kukusifia."
Naivaa.
Inakaa kichwani kama mkono wa mtu asiye na haraka.
Chwaa. Chwaa.
Ti.
Na nyuma ya ti, kitu nisichowahi kukijua
miaka miwili nikiibeba sauti hii:
mama anasonya.

Alianza ishirini na tano, nikaanza kumi na sita.
Tulikutana ishirini na moja,
yeye akilalamika kwa niaba ya wanawe wote.

Kwa elfu mbili fundi Nambunga
alinishonea vifuniko vya mito, pamba ndani,
kwa kipande cha kanga yangu kuukuu.
Mkasi haukusoma maandishi:
sikio la kushoto linasema MANE,
la kulia linasema NO.
Jasho halinichomi tena. Miwani imepata pa kupita.

Usiku nikafungua faili la mwezi jana,
nililoliandika kwa vile vidude vya elfu tatu
vinavyoingia sikioni kama kidole cha mtoto.
Mzee mmoja wa Nanganga
anaulizwa habari ya malipo ya pili.
Nilikuwa nimeandika: 'shalipwa.
Nikaendelea mbele, nikalipwa.

Narudisha.
Kuku anapita. Mtu anaburuta kigoda.
Mzee anavuta pumzi, anajibu haraka,
kama anayetupa kitu asichotaka kukishika.
Narudisha tena.
Kuku. Kigoda.
Sijalipwa.

Navua, nakunywa maji, navaa,
narudisha mara ya tatu, nikitamani nimekosea.
Sijalipwa, anasema, halafu anasonya
taratibu, mbali na kinasa sauti.

Nikafuta. Nikaandika upya, na msonyo pia nikauandika.
Nikatuma saa saba kasoro.
Ripoti, walikuwa wameniambia,
ilikwenda kuchapwa Ijumaa.