Kabula wa Saba

Nesi aliita, "Kabula!"
Tukasimama saba.

Ilikuwa Jumanne, siku ya mizani, zahanati ya Itobo,
watoto wakining'inizwa kwa zamu, wakipiga mateke hewani.
Nesi, mgeni wetu kutoka Njombe, akavua miwani:
"Jamani, Nzega hakuna majina mengine?"
Bibi mmoja nyuma akajibu bila kuinua uso:
"Majina yapo, mwanangu. Mvua ndiyo haba."

Basi akaanza kutuchambua kama choroko.
Kabula wa Nkwabi: mvua ya kwanza ya Novemba,
ile inayoamsha harufu ya vumbi na kumbikumbi.
Kabula wa Jidayi: usiku kalavati liliposombwa,
mkunga akavuka ameshika mkia wa ng'ombe.
Kabula Mfupi: mabati yalipiga kelele mno,
hakuna aliyesikia kilio chake cha kwanza,
na tangu siku hiyo huzungumza kama yuko ng'ambo ya mto.

Mimi sikusema kitu.
Mimi sikuja na mvua.
Nilizaliwa mwaka wa mihogo michungu,
mwaka ambao baba aliuza fahali kwa madebe mawili ya mtama,
akaniita Kabula kama mtu aachaye mlango wazi.
Jioni mama aliniita toka uani,
"Kabula, njoo! Njoo basi, mbona unachelewa!"
na majirani, waliojua kabisa kwamba ni mtoto anaitwa,
walitazama juu.

Ilikuja nikiwa na meno manne.
Wanasema nililia kwa woga.

"Na huyu mtoto?" Nesi kashika kalamu,
kesha kuandika K.
Wenzangu wanacheka, wanajua.
Lakini huko nje, toka kona ya mashine hadi msikitini,
mpunga wetu umelala juu ya maturubai,
na upande wa Bukene wingu limeanza kunenepa.
Jina hili nimelibeba miaka ishirini na sita,
sina ugomvi nalo, ila

"Futa," nikamwambia. "Andika Limi."
"Ndiyo nini?"
"Jua."
Kabula Mfupi akapaza sauti yake ya ng'ambo ya mto:
"Lo! Mama ananyesha, binti anaanika!"

Nikamfunga Limi mgongoni, nikaukimbilia mpunga.