Buluu Kidogo

Kofia yako, Baba Mwantumu, haifuliwi pamoja na nguo za watu.
Ina beseni lake la bati, lililotoboka na kuzibwa kwa lami,
ina sabuni yake ya kipande, ina buluu yake,
kidogo tu, ncha ya kidole. Ikizidi,
weupe unageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
na inspekta mpya, wasema, ana macho ya kuliona hilo
tangu ng'ambo ya uwanja.

Jumatatu alisoma amri kwenye gwaride:
kofia kichwani saa zote za kazi, jua liseme litakalo.
Asiye na kofia hana mkono wa kupigia saluti,
na asiye na saluti, alisema, ni raia aliyevaa suruali nzuri.
Ulinisimulia ukacheka peke yako.
Mimi nilikuwa nahesabu buluu iliyobaki.

Joto la Machi la Tanga wanalijua wenyewe:
shati hugandana na mgongo kabla ya chai,
baiskeli za Ngamiani huegeshwa kivulini zisichome makalio,
na wewe pale makutano ya barabara ya kumi na sita,
kichwa ndani ya chungu cheupe,
unaita magari kwa vidole kama unayeita kuku.
Jasho lina njia yake. Nimeisoma:
duara la kahawia ndani ya ukanda,
kila siku limepanda unywele mmoja.

Juzi nilitoka Makorora na kapu la mihogo,
nimepakiwa na Sufiani, kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili.
Mkono ukainuka. Tukasimama.
Nilikutambua kwa viatu.
Huko juu, chini ya ukingo mweusi, palikuwa na mtu
mwenye mdomo wako, asiyeutumia kama wewe.
"Leseni."
Kisha: "Kofia ngumu ya abiria iko wapi?"
Nikashika kichwa changu. Mtandio tu.
Sufiani akanitazama, akakutazama, akaungoja ujirani.
Ujirani haukuja.
Kalamu ikaandika, karatasi ikachanika,
elfu thelathini, na jina langu likawa "abiria, mwanamke".
"Mama, shuka utembee," ukasema,
nikashuka na mihogo yangu, shikamoo ikanitoka mdomoni.
Shikamoo!
Kwa mtu niliyemkuna mgongo usiku wa kuamkia siku hiyo.

Jioni uliitundika msumarini, ukawa wewe.
Ukauliza kama mihogo imeiva.
Nikakwambia ukaiulize kofia.
Tukala kimya, Mwantumu akihamisha macho
kwako, kwangu, kwako, mpaka chakula kikapoa.

Usiku, nilipougeuza ukanda wa ndani niufute kwa limau,
kikaanguka kikaratasi, kimelainika kama ngozi ya kitunguu.
Mwandiko wangu. Sukari nusu, kibiriti,
mafuta ya taa, dawa ya kikohozi ya mtoto.
Wino ulikimbia, ukachora ziwa,
kilichobaki kusomeka ni kibiriti.
Kumbe ndiyo maana wiki nzima unaniletea viberiti.
Hata pale, basi, kwenye "Leseni",
hata kwenye "abiria, mwanamke",
kikohozi cha mwanao kilikuwa juu ya kipaji chako,
kimebanwa nyuma ya nembo.

Sijakusamehe. Nakwambia tu nilichokiona.

Leo asubuhi, ungali bafuni,
nimekipiga pasi kitambaa chake, nikaivisha,
nikaijaribu. Ikanishuka hadi nyusi,
ikanuka wewe, na limau.
Nikageuka kwenda kuzima jiko.
Mwantumu alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni.
Akashusha mikono, akabana visigino,
povu likimchuruzika kidevuni, asithubutu kulifuta.

Nilikuwa bado sijasema neno.