Kuni za Taimi

Umeme ulikatika saa mbili usiku,
theluji imeulalia waya hadi ukachoka.
Ile mashine ya ukutani niliyomnunulia bibi,
inayonyonya joto kutoka ndani ya baridi
(usiniulize kivipi, ingawa mimi ndiye mhandisi),
ikakohoa mara moja, ikafumba jicho lake la kijani.

Nje, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kuusivaara nzima gizani, na barabara ya Kajaani imefungwa.

"Basi washa jiko," akasema Taimi,
kana kwamba ananiambia nivae viatu.

Jiko la matofali, refu hadi dari,
ambalo kwa miaka mitatu limekuwa rafu ya picha za arusi.
Nikalijaza magogo kama mtu anayeshindilia sanduku la safari.
Nikawasha kiberiti. Nikawasha cha pili. Nikawasha gazeti.
Moshi ukaja kutusalimia,
ukapita kwenye pazia, ukaketi kwenye kochi,
ukamkaba paka.

Bibi alicheka hadi akashika ubavu.
"Kilango cha bomba, mjukuu. Kivute.
Nyumba ina koo, nawe umeliziba."

Kisha akapiga magoti, miaka themanini na tisa,
magoti yakilia kama bawaba,
akayatoa magogo yangu moja moja,
akayagonga kwa kifundo cha kidole, ametega sikio.
"Hili bichi. Hili la msonobari, litatutemea cheche.
Hili, eeh, hili la mbetula, limekauka. Lisikie, linajibu."
Mimi nilisikia ko.
Magogo yote yalisema ko.

Akabandua ganda jeupe, jembamba kama karatasi ya barua,
akalilaza chini, vijiti juu yake vikipishana,
na katikati akaacha nafasi.
Nafasi ndiyo sikuiweka.
Kiberiti kimoja.

Nami nikiaibika hugeuka mhubiri:
"Tumepotea, bibi. Tumeuza mikono yetu kwa kitufe.
Mwacha asili ni mtumwa..."

"Asili gani?
Ile ya babu yako Urho, aliyeacha vidole viwili kwenye msumeno,
akavitafuta ndani ya unga wa mbao asivione?
Ile ya mama yangu, aliyekohoa masizi majira sita ya baridi,
na la saba hakukohoa?
Nilijua hesabu mimi. Mwalimu alinizawadia kalamu.
Januari ile ile nikaacha shule, nivute kuni kwa sleji.
Nayajua haya, mjukuu,
kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nataka kuyajua."

Sikuwa na neno. Paka alirudi, akanikalia mgongo.

Lakini nilimwona.
Moto uliposhika, uso wake ulifunguka
kwa namna ambayo mashine yangu,
pamoja na dhamana yake ya miaka mitano,
haijapata kuufungua.
Akasogeza gogo moja upana wa ukucha, bila haja yoyote,
kama anayemwekea mtoto kola sawa.

"Kumbe uliyapenda," nikasema.
"Nani kasema sikuyapenda?"

Tukakesha. Nikagonga.
"Bichi?"
"Kavu."
"Kavu?"
"Bichi. Wewe ni kiziwi kwa niaba ya kizazi kizima."
Saa tisa usiku nilipatia moja,
au nilibahatisha; hakuniambia.

Saa kumi na mbili mashine ikafumbua jicho.
Nilidhani ataiacha, kwa fahari tu, walau hadi mchana.
Taimi aliifikia rimoti kabla ya birika la kahawa,
nyuzi ishirini na mbili, kama kawaida,
akalala kwenye kochi linalonuka moshi, mdomo wazi.

Nikabaki na ndoo ya majivu ya vuguvugu mkononi.
Sikujua yanamwagwa wapi.
Nikasimama nayo mlangoni,
sitaki kumwamsha nimuulize.