Cha Juu

Jina lenyewe herufi nane, na nukta.
Nililipia kila Januari, miaka kumi na mmoja,
tangu Aivar alipowasha tanuri letu hapa Tartu.
Aivar hayupo. Tanuri limeuzwa kwa kilo, chuma chakavu.
Likabaki jina.

Dalali yuko Rotterdam. Sauti yake siijui,
barua pepe tu: "Mteja yupo, mama, vuta subira."
Nimevuta. Kamba imenichuna viganja.
Mara asilimia kumi na tano, mara ishirini,
mara ada ya kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.
Nikiuliza nani analitaka: siri ya biashara.
Nikiuliza lini, napigwa kalenda
hadi theluji ikarudi.

Yuro elfu mbili zikaingia, zimekatwa masikio.

Jumamosi Urmas wa ng'ambo ya barabara
kaja kunirudishia koleo.
Akanionyesha simu, meno yote nje: duka lake jipya,
na juu kabisa, jina letu.
"Elfu sita," akasema. "Nimenyonywa, ila nimelipata."

Kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua arobaini.

"Mimi nimepewa mbili," nikamwambia.
Tukasimama pale kizingitini, tukizihesabu zile nne
kwa vidole vya glavu,
kama watoto.